Siku ya Bao, Chini ya Meza

Siku ile mjinga alikuwa Fadhili, na mwenyewe hakatai. Ukimkuta leo kwenye kibanda chake cha kuchaji simu, pale mjini Baraka, karibu na njia ya kushukia ziwani, umuulize tu. Kwanza atakucheka wewe kwa kuchelewa kusikia, kisha atakuhadithia yote, na kila akihadithia anajiongezea ujinga kidogo, kama mtu anayejipaka mafuta kabla ya kwenda arusini. Lakini siku yenyewe hakucheka. Siku yenyewe alikuwa kifudifudi chini ya meza, amemfunika kwa mwili wake mwanamke anayempenda, na nje mji mzima ulikuwa unacheza.

Mwanamke huyo ni Anastasie, binti wa marehemu mwalimu na wa Mama Pulchérie, yule muuza mandazi ambaye ulimi wake ni mkali kuliko mafuta ya kikaango chake. Anastasie alisoma fizikia, kwanza Bukavu, halafu Ulaya, akaenda mbele mpaka akafika penye watu wachache: kwenye chumba chenye mashine ya kukamata ioni. Alirudi nyumbani kwa ajili ya matanga ya baba yake. Wiki mbili tu, ndivyo alivyosema. Wiki zikaota mizizi. Njia ya Uvira ilifungwa kwa mapigano, ikafunguliwa, ikafungwa tena, na katika kufungwa na kufunguliwa huko binti akawa anakuja kila siku kibandani kwa Fadhili kutafuta umeme. Betri ya kompyuta yake ilikuwa imekufa zamani. Mashine haikuishi bila waya, kama mgonjwa aliyetundikiwa serumu. Fadhili alikuwa na paneli za jua juu ya bati, betri kubwa kubwa chini ya meza, na sahani ya intaneti aliyoinunua kwa shirika moja lililofungasha virago risasi zilipokaribia.

Mwanzoni alimtoza kama wateja wengine. Baadaye akamtoza nusu. Baadaye yeye ndiye akawa anamnunulia soda, na Willy dereva wa pikipiki, ambaye hupumzika mlangoni pale kutwa nzima akisingizia kungoja abiria, akasema, "Sasa hii ni komersi ya namna gani, mteja analipwa?"

Jumamosi moja Fadhili alikwenda nyumbani kwa Mama Pulchérie kupeleka taa aliyoitengeneza, akamkuta Anastasie uani anaanika nguo.

"Mi nataka kuuliza," alisema. "We iko unafanya nini kabisa ndani ya ile kompyuta? Kila siku ioni, ioni. Ni kitu ya kula?"

Anastasie alicheka, akamvuta mpaka kwenye kamba ya nguo. "Angalia hapa. Kila nguo ni ioni moja. Ni atomu tuliyoinyang'anya elektroni, sasa iko na chaji, na zote ziko na chaji ya namna moja, basi kila moja inasukuma mwenzake. Umeme unazishika hewani, hazigusi kitu, zinapanga mustari kama hizi nguo. Sawa?"

"Sawa."

"Mi nataka hii kitenge izungumuze na ile shati ya baba, kule mwisho. Hazigusane. Utafanya je?"

Fadhili alikisukuma kitenge. Kamba nzima ikayumba. Shati la marehemu likapunga mikono, shuka zikapepea, na zikapepea pia nguo nyingine za Mama Pulchérie ambazo mtu anayetarajia kuwa mkwe hapaswi kuziona. Fadhili akatazama mawingu kwa bidii.

"Njo hivyo!" Anastasie alisema. "Zimezungumuza. Sisi tunasukuma na leza. Lakini rudisha macho yako chini, mama haiko hapa. Unaona? Kamba ingali inatikisika. Mu mashine yetu, ile kutikisika ikibakia, hesabu inaharibika. Ukimaliza kusukuma, kamba inapaswa kutulia kabisa, sawa vile haikuguswa, na zile mbili tu zikumbuke kama zilizungumuza. Kila mazungumuzo ya namna ile tunaiita lango. Ukipanga malango mengi, moja nyuma ya ingine, njo unapata kompyuta."

"Basi sukuma polepole."

"Polepole inachukua muda mingi, na katika ule muda joto inaingia, kelele ya umeme inaingia, kila kitu inaingia. Ukisukuma haraka, kamba inabakia inaruka. Kazi yangu mi njo kusukuma haraka, lakini vipande vipande, mara huku, mara kule, ili kila mutikisiko ipate mwenzake wa kuifuta. Ata kama kamba imelegea kidogo bila mi kujua."

Fadhili alielewa nusu. Nusu iliyobaki alimpenda nayo.

Basi akapeleka posa. Huko ndiko mambo yalipokaza, kwa sababu baba akiwa amefariki, neno la mwisho lilikuwa la baba mdogo, Nicolas, mtu mwenye kifua kipana na redio kubwa. Nicolas hakusema hapana. Alisema tusubiri tuone. Anastasie bado alikuwa mtu wa Ulaya, na yule aliyekuwa juu ya masomo yake huko, Profesa Émilienne, alikuwa amemwekea masharti waziwazi: atampa saa moja ya mashine, aiendeshe akiwa Baraka kwa intaneti. Kama namna yake ya kusukuma ioni itathibitika, na kama ataweza kuifanya kazi hiyo kutoka Baraka, abaki huko huko amalizie shahada, aje Ulaya mara moja tu kuitetea. Isipokuwa hivyo, arudi Ulaya mwisho wa mwezi, akae kando ya mashine miaka miwili.

Miaka miwili. Fadhili alikuwa amekaa kambi ya wakimbizi ya Lugufu, ng'ambo ya ziwa, tangu utoto mpaka ndevu za kwanza. Alijua vizuri jinsi watu wanavyosema miaka miwili, ikawa kumi.

Kwa hiyo ile saa moja ilikuwa yote. Alifuta paneli vumbi kwa shati lake mwenyewe. Alikataa simu za wateja siku nzima, wamama wakamtukana, yeye akaitika tu ee mama, ee mama. Alasiri Anastasie aliketi mezani, akafunga nywele kwa kitambaa, akaanza. Ilikuwa kazi ya kutuma na kungoja: anatuma mpango wa misukumo, mashine kule inaurudia mara nyingi, inamwambia imekosea mara ngapi, anasahihisha, anatuma tena. Fadhili alikaa kwenye kigoda kando ya swichi kubwa ya betri, kama askari wa benki. Hakuwa na la kufanya ila kumwangalia anavyong'ata mdomo wa chini.

Sasa, Baraka ina sheria moja ambayo hakuna aliyeitunga na hakuna asiyeijua. Risasi ikilia, unazima kwanza, unalala, ndipo unauliza ni za nani. Si kinyume chake. Walioanza kwa kuuliza, wengi hawapo tena kutuhadithia. Fadhili alifundishwa sheria hii akiwa mtoto wa miaka sita, kule kijijini Makobola, mwaka ambao mama yake alimwaga chungu kizima cha maharage juu ya moto ili mwanga usionekane. Walilala njaa, wakaamka hai. Tangu hapo mikono yake haikungoja ruhusa ya kichwa.

Anastasie alikuwa katikati ya kazi. Namba zilikuwa nzuri, alikuwa ameanza kutabasamu, amebakiza kupima namna ya zamani ya kusukuma kando ya namna yake ili ziweze kulinganishwa. Ndipo bunduki zikalia. Si moja. Zililia upande wa kambi ya wanajeshi, zikajibiwa upande wa soko, tratata mpaka bati likatetemeka.

Swichi ilishuka. Taa, sahani, kompyuta, kila kitu kikafa kwa mara moja. Fadhili aliruka toka kigodani, akamkamata Anastasie kiunoni, wakaenda chini pamoja, naye akalala juu yake, akamfunika kichwa kwa mikono yote miwili.

"Usisimame," alinong'ona. "Usisimame. Mi iko hapa."

Moyo wake ulikuwa unapiga kwenye mgongo wa Anastasie kama mtu anayebisha hodi kwa ngumi. Wakakaa hivyo. Risasi ziliendelea. Halafu, taratibu, Anastasie akainua sikio.

"Fadhi."

"Nyamaza kwanza."

"Fadhi, hawa wanaopigana... bako banaimba."

Ni kweli, walikuwa wanaimba. Sufuria zilikuwa zinapigwa, wanawake wanapiga vigelegele, na honi za pikipiki zilikuwa zinalia mji mzima. Mlango ukafunguka kwa teke, Willy akaingia na filimbi mdomoni na bendera shingoni.

"Bao! Bao, bandugu! Léopards ya inchi yetu bamefunga! Ata basoda kule kambini banafyatua risasi hewani ju ya furaha..." Akatazama kigoda kitupu. Akainama. "Muko munatafuta nini pale chini? Pete imeanguka?"

Willy alitazama swichi, akatazama kompyuta iliyokufa, na kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, akatoa filimbi mdomoni.

Fadhili alirudisha umeme. Lakini sahani ile ilikuwa na ukaidi wake: ikizimwa, inakaa muda mrefu ikitafuta angani kama mlevi anayetafuta nyumba yake. Ilipoipata njia, saa ya Anastasie ilikuwa imekwisha, na mashine ilikuwa imepewa watu wengine. Zamu inayofuata ingekuja baada ya miezi.

"Nigombeze," Fadhili alisema.

Anastasie alikuwa anapangusa vumbi magotini. "Umenifunika kichwa," alisema, kana kwamba anaripoti kipimo. "Ulizima, ukanifunika kichwa."

"Njo ninakuambia, nigombeze."

Hakumgombeza. Alimshika sikio, akalivuta kidogo, akaenda nyumbani. Fadhili angependelea makofi.

Kesho yake Baraka nzima ilijua. Walimwita Kipa, kwa sababu Willy, ambaye huruma yake haikulala usiku mmoja, aliwaonyesha watu sokoni jinsi Fadhili alivyoruka. Alionyesha kwa vitendo, akaruka mwenyewe vumbini, wamama wakashika mbavu. Watoto walipita mbele ya kibanda wakipiga kelele "Goooli!" wakimngoja ajitupe chini. Fadhili akawa anawatupia pipi. Afanye nini? Mtu aliyekulia kambini anajua kwamba kicheko cha watu ni kama mvua: ukikimbia unalowa, ukisimama unalowa.

Lakini Nicolas hakuwa anacheka. Alikuja kwa shemeji yake, Mama Pulchérie, akakaa kwenye kiti kizuri, redio kando.

"Mutoto arudi kule Ulaya. Profesa alisema, na sasa mambo imeharibika. Tena mi nauliza, mutu anayekimbia bao, vita ya kweli ikikuja itakuwa je?"

"Kwa mwoga huenda kicheko, shemeji," Mama Pulchérie alisema, akigeuza mandazi. "Na kwa shujaa unajua kunaenda nini. Mi nimelia ya kutosha. Acha tucheke kidogo."

Fadhili alisikia maneno ya Nicolas kwa njia ya Willy, yaani aliyasikia yameongezwa chumvi. Yalimkaa. Jioni Anastasie alipokuja kibandani, alimkuta amekunja waya zote vizuri mno, kama mtu anayefunga duka.

"Nenda," alimwambia. "Baba mudogo anasema kweli. Wewe unatafuta kitu isiyokosea, na hapa kila kitu inakosea. Umeme inakosea. Rezo ya intaneti inakosea. Mi pia."

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Profesa Émilienne ameandika." Anastasie aliketi kwenye kigoda cha Fadhili bila kuomba. "Nilimwambia yote. Ata meza nilimwambia. Anasema anaweza kunipa dakika kidogo asubuhi sana, mbele ya mashine kupata moto. Ile saa hakuna mutu anaitaka. Leza ziko zinahamahama, kamba, unakumbuka kamba? Kamba imelegea. Lango ya kawaida pale inakosea sana."

"Basi yako pia itakosea."

"Ao haitakosea. Mi niliitengeneza ju ya kamba iliyolegea, Fadhi. Kuipima wakati kila kitu kimetulia ni kama kupima mwavuli wakati ya jua." Alianza kukunjua waya mojawapo. "Ile nusu ya kwanza, siku ya bao, ilikuwa muzuri, lakini ilikuwa muzuri ndani ya jua."

Fadhili alikaa chini, kwenye mkeka. Tumaini lilimrudia bila kupiga hodi, na lilipomrudia likamwogopesha kuliko bunduki. "Basi nitamwita Willy akae kwa swichi. Mi nitakaa mbali. Nitakaa kule sokoni."

"Willy atakaa kwa swichi namna gani? Willy hawezi kukaa kwa pikipiki yake."

"Basi nifunge mikono. Nasema kweli. Nifunge na kitenge, kwa kiti, mpaka umalize."

Anastasie alimtazama sana. Mikono yenyewe ilikuwa magotini, mikubwa, yenye makovu ya asidi ya betri, imetulia kama haijawahi kufanya kosa lolote duniani.

"Siwezi kufunga mikono iliyonifunika kichwa," alisema. "Unisikie. Siku ile ungeniuliza, ningekuambia hizi risasi ni za furaha, sikio yangu ilisikia nyimbo mbele yako. Mara hii ukisikia kitu, usizime. Uniulize. Ni ile tu. Mi ni mutu wa Baraka sawa na wewe, sitaki kufa ju ya ioni. Nikisema zima, uzime."

"Na nikishindwa kuuliza?"

"Utauliza."

Asubuhi yenyewe ziwa lilikuwa bado na rangi ya majivu. Wavuvi wa ndagala, dagaa wa ziwa lile, walikuwa wanarudi, wanawake wanateremka na mabeseni kuwapokea, na moshi wa Mama Pulchérie ulikuwa umeshatangulia kila moshi mwingine. Anastasie aliketi. Fadhili akaketi kwenye kigoda chake, swichi kwenye usawa wa bega. Mashine ya kule mbali iliitika. Namba za kwanza zilikuwa za namna ya zamani, na zilikuwa mbaya, mbaya sana, jinsi Profesa alivyosema. Anastasie akatuma za kwake, akangoja.

Ndipo zikalia. Safari hii hazikuwa za bao. Zilikuwa mbali, upande wa milima, juu ya njia ya Fizi, nzito na zenye nafasi kati yake, na baada ya kila moja hakukuwa na wimbo. Njiani wanawake walisimama na mabeseni kichwani. Mbwa akanyamaza.

Mkono wa Fadhili ulikuwa umeshafika kwenye swichi. Hakuupeleka yeye. Ulikwenda wenyewe, kama unavyokwenda tangu Makobola, na vidole vikajikunja juu ya chuma. Alihisi harufu ya maharage yaliyomwagwa. Alihisi uzito wa mkono wa mama yake kwenye shingo. Akafungua mdomo, sauti haikutoka. Akafungua tena.

"Nizime?"

Ilitoka nyembamba, kama ya mtoto. Lakini ilitoka.

Anastasie hakugeuka. Uso wake ulikuwa na mwanga wa kompyuta, na jasho juu ya mdomo. Chini ya meza alinyoosha mguu, akauweka wayo wake mtupu juu ya mguu wa Fadhili, akaukanyagia hapo.

"Bado kidogo. Ziko mbali."

Mlio mwingine. Mkono ulitetemeka juu ya swichi mpaka pete za waya zikalialia. Ulitetemeka, ukabaki.

"Nizime?"

"Bado."

Mlio mwingine, na huu ulikuwa umeshuka mlima kidogo. Wote wawili waliusikia hivyo. Anastasie alibonyeza mara ya mwisho, akafunga kompyuta.

"Sasa zima!"

Alizima. Na kabla hajajua afanye nini, yeye ndiye aliyevutwa: Anastasie alimkamata ukosi wa shati, wakaenda chini ya meza pamoja, katikati ya betri, naye akamfunika kichwa kwa mikono yake miwili, mikono midogo isiyotosha kufunika hata masikio.

"Usisimame," alimwambia. "Mi iko hapa."

Walikaa chini pale mpaka jua likaingia chini ya mlango. Milio ilipanda mlima tena, ikawa nadra, ikakoma. Fadhili alikuwa ameacha kutetemeka zamani, lakini hakusema, asije akaondolewa ile mikono. Naye Anastasie alijua kwamba ameacha, kwa sababu kazi yake ni kujua vitu vinapotulia, na hakusema pia.

"Ilikosea?" Fadhili aliuliza hatimaye.

"Sijui. Ilikuwa inaendelea kuhesabu. Majibu iko kule kule kwa mashine."

"Ikikosea?"

"Nitaenda. Na utanichajia simu kwa mbali."

Fadhili alicheka huku machozi yanamtoka, au alilia huku anacheka. Chini ya meza ni vigumu kutofautisha.

Walipowasha umeme, sahani ilitafuta angani kwa ulevi wake uleule, ikapata. Majibu yalikuwa yanangoja. Katika kila mara elfu, namna ya zamani ilikuwa imekosea mara thelathini na kitu. Ya Anastasie ilikuwa imekosea mara mbili, wakati leza zinahamahama na kamba imelegea, na ilitumia muda mfupi kuliko ile ya zamani. Chini ya namba Profesa Émilienne alikuwa ameandika mstari mmoja. Baki huko, na usome vizuri orodha ya saa za alfajiri, maana kuanzia sasa ni zako.

Anastasie aliusoma kwa sauti. Kisha akausoma tena, kwa Kiswahili, ingawa Fadhili alikuwa ameshauelewa katika Kifaransa.

Jumapili ukoo ukakaa uani kwa Mama Pulchérie. Ugali ukaliwa, samaki wakaliwa, mifupa ikatupwa kwa mbwa. Fadhili alikuwa amevaa shati jeupe, ameketi mahali pa wageni, mikono magotini. Willy alikuwepo kama shahidi, ingawa hakuna aliyemwita. Mambo yote yalikuwa yamekwenda sawa mpaka Nicolas akakohoa.

"Nimesikia habari ya zile namba," alisema. "Mutoto amefanya vizuri, anabaki, sikatai. Lakini kubaki ni kitu moja, na ndoa ni kitu ingine. Marehemu kaka yangu aliniachia huyu binti. Nitamupa mwanaume anayejificha siku ya bao? Mbele ya batu bote? Mi nataka mukwe ambaye risasi ikilia anasimama."

"Ile ya mara ya pili alisimama," Anastasie alisema. "Aliuliza."

"Aliuliza! Mwanaume anauliza bibi nizime, nisizime?"

"Baba mudogo, ningetaka mutu asiyeuliza, ningeolewa na swichi."

Wamama wakacheka, lakini Nicolas alikuwa ameshika njia yake na hakuwa tayari kuiacha. Alisimama, akapanua kifua. "Muniache niseme. Ju ya jina ya ukoo. Sisi hatukimbiake. Siku ya bao mi nilikuwa hapa hapa Baraka, nyumbani kwangu, na hakuna mutu alinicheka. Muulize yeyote."

Fadhili aliinamisha kichwa. Yote yaliyosemwa yalikuwa ya kweli: alikuwa ameruka, alikuwa amezima, alikuwa ameuliza kwa sauti ya mtoto. Nicolas akageuka kwa shemeji yake.

"Mama Anastasie, sema we mwenyewe. Huyu utamupa mutoto yako?"

Mama Pulchérie alifuta vidole vyake kwenye kitenge, kimoja kimoja.

"Shemeji, Dorothée muke yako alikuja kwangu siku ile analia. Huyu alienda chini ya meza, akafunika mutoto yangu. We ulienda chini ya kitanda, ukajifungia na funguo, muke yako akabakia inje na sufuria ya sombe kichwani."